Kabati la Fundi Randa

Fundi Randa alifariki mwaka wa themanini na mbili. Hapana, ngoja nisidanganye. Themanini na mbili ndio mwaka nilioibiwa jiwe langu la kunolea, na Fundi Randa alinicheka mpaka akakaa chini, na maiti hacheki. Basi ni themanini na tatu ikielekea kwisha, au themanini na nne ikiwa bado changa. Naandika themanini na nne, kwa kuwa ndiyo niliyoiapia mbele ya hakimu, na mtu mzima akishaapa hawezi tena kuyumbayumba kwenye karatasi.

Lakini si yeye ninayetaka kumweleza. Nataka kumweleza binti yake, yule fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Msidhani ana mtoto anayeitwa Pindo. Hana mtoto. Jina alilipata kwa sababu hawezi kuona pindo limelegea akanyamaza. Akikukuta umesimama msibani na suruali yako inaburura, atapiga goti hapohapo nyuma yako na sindano yake, na wewe utaendelea kutoa pole huku unashonwa.

Kushona alijifunza kwa kufumua. Alipokuwa mdogo alichukua gauni la mama yake la kutokea, akalifumua lote kipande kwa kipande aone lilivyotengenezwa, kisha akaliunga tena. Mama yake alimchapa kwa kulifumua, halafu akalivaa, kwa kuwa lilikuwa linamkaa vizuri kuliko mwanzo. Baadaye aliolewa na bwana mmoja mrefu, wakaachana bila kelele. Yule bwana aliondoka na suruali zote alizoshonewa, na Mama Pindo mwenyewe husema ndiyo maana alipata mke mwingine upesi vile.

Mimi nilikuwa mnoa visu na mikasi, mtu wa kuzunguka. Baba yake alinipa patasi na randa zake ninoe, na alipofariki binti akanipa mikasi yake. Hatuna damu moja, lakini ananiita baba mdogo na mimi namwita mwanangu, na hiyo inatosha.

Nyumba aliyoiacha baba yake ina vyumba viwili na kibaraza kinachotazama barabara. Cherehani iko dirishani, ili mwanga uingie na umbea nao usipite mbali. Kila kitu cha mbao mle ndani alikitengeneza Fundi Randa: vitanda, meza, hata kigoda cha kukalia mtu anayengoja zipu. Ila kilichokuwa roho yake ni kabati. Mvule mtupu, milango miwili, refu kunipita mimi nikiwa nimevaa kofia. Alilitia kitasa cha kujifunga chenyewe. Ukiusukuma mlango, kinasema tiki, kimeshajifunga, na kukifungua lazima uwe na ufunguo. Alikuwa akijisifu kwamba kabati lake lina akili kuliko wanawe.

Wanawe walikuwa wawili, Mama Pindo na kaka yake, ambaye sasa ni kinyozi. Baada ya mazishi waliketi kugawana. Kwenye nyumba walikuwa na adabu mno. Kaka akasema, "Nyumba chukua wewe, dada yangu, mimi mwanamume nitapata pa kulala." Dada akasema, "Hapana, kaka, nyumba ni yetu sote." Mimi nilikuwepo, nikafurahi, nikasema hawa wamelelewa. Kisha mtu akauliza, na kabati?

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua jiwe langu nikaenda kunoa mtaa wa pili, na bado niliwasikia. Kila mmoja alisema baba alimwahidi yeye. Mwisho wakapelekana mahakamani, na mahakama ikasema kabati likae kwake kama kielelezo mpaka shauri liamuliwe. Ukaja mkokoteni, likachukuliwa, mlango ukibanduliwa fremu ili lipite. Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena. Hakimu akahamishwa. Kaka naye akaenda kunyoa vichwa mji mwingine, na ndugu wale hawakusalimiana tena. Mirathi ya nyumba nayo ikalala palepale, maana mirathi ni moja na faili ni moja.

Miaka ikapita, Mama Pindo akishona. Mpaka juzijuzi hapa manispaa ikatangaza kwamba nyumba zote za barabara ile ambazo mwenye nyumba hajulikani kwa maandishi zitapigwa alama nyekundu, zibomolewe, patengenezwe maegesho ya malori. Mwenye maandishi aonyeshe. Mama Pindo alinifuata nilipokuwa.

"Baba mdogo," akasema, "nikitolewa pale, cherehani nitaiweka kichwani?"

"Si una haki yako? Baba yako ni baba yako."

"Wao wanataka baba wa karatasi. Twende mahakamani tukamtafute. Wewe ndiye uliyebaki uliyemjua."

Tukaenda. Masjala ya mirathi ni chumba kirefu nyuma ya mahakama, kina dirisha dogo lenye nondo, na nyuma ya nondo alikuwa karani mmoja mpole, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa mabegani. Ukosi wake ulikuwa umeanza kufumuka. Nilimwona Mama Pindo akiutazama, nikamfinya.

"Marehemu wenu ni wa karibuni au wa kale?" karani akauliza.

"Ni baba yangu," akasema Mama Pindo.

"Najua, mama. Kila marehemu ni wa mtu. Nauliza ni wa karibuni au wa kale? Wa karibuni wako ghorofani, wamepangwa kwa majina. Wa kale wako stoo, wamepangwa kwa miaka."

"Kwa kuhesabu ni zamani. Lakini mimi naona kama jana."

"Hapo ndipo watu wengi wanapopotelea," karani akasema, na alikuwa hatanii. "Mwaka gani?"

Mama Pindo akanitazama. Nikasema themanini na mbili. Karani akainuka kwenda stoo, maana huyo ni wa kale. Nikakumbuka jiwe langu, nikamwita, nikasema hapana, pengine ni themanini na tano. Akageuka kupanda ngazi, maana huyo ni wa karibuni. Alipofika katikati ya ngazi nikasema, mwanangu, nisamehe, ni themanini na nne, au na tatu.

Karani akashuka taratibu. Akavua miwani.

"Themanini na tatu na themanini na nne," akasema, kwa sauti ile ya daktari akitoka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, "hao wako kwenye kabati."

Akatufungulia mlango wa pembeni, tukapita kwenye ujia mpaka mwisho. Na pale mwisho, chini ya dari yenye doa la maji, lilikuwa limesimama kabati la Fundi Randa. Mama Pindo aliupapasa mlango kwa kiganja kama mtu anayepima kitambaa.

"Usiliguse, mama," karani akasema. "Ni kielelezo."

"Hili ni la baba yangu."

"Ndiyo. Kielelezo katika shauri la baba yako."

Tukamwomba atueleze, akatueleza bila kuficha, maana ni mtu mkweli. Zamani rafu za masjala zilijaa, zikabaki faili za miaka ile miwili hazina pa kukaa. Na kabati la kielelezo lilikuwa limesimama tupu. Basi wakazitia humo. Ufunguo ulining'inia mlangoni, na kazi ilikwenda vizuri miaka mingi. Kisha akaja mkuu mpya wa masjala, mtu wa kupenda mambo yanyooke, akaamuru kila kielelezo kikae pamoja na jalada lake, kisitangetange.

"Amri nzuri," nikasema.

"Nzuri sana," akasema karani. "Mimi ndiye niliyeitekeleza. Viatu nikavifunga na jalada la viatu. Saa na jalada la saa. Nikafika kwa kabati. Kabati haliwezi kufungwa kwenye jalada, ni kubwa. Lakini ufunguo wake unaweza. Nikatoa jalada la marehemu baba yenu, nikaupiga pini ufunguo kwenye ukurasa wa kwanza, nikalirudisha jalada mahali pake. Nikafunga mlango."

"Tiki," nikasema mimi.

"Tiki," akasema karani.

Tukainamisha vichwa, kama watu waliokumbuka marehemu.

"Kwa hiyo ufunguo uko kwenye faili," Mama Pindo akasema.

"Ndiyo."

"Na faili liko kwenye kabati."

"Ndiyo."

"Na kabati limefungwa na nani?"

Karani alifikiri kwa haki kabisa. "Na utaratibu," akasema.

Tangu siku hiyo Mama Pindo akamwita Bwana Utaratibu, na mwenyewe hakukasirika. Nadhani alikuwa anangoja mtu amwite hivyo.

"Si livunjwe?" nikauliza.

"Mzee wangu, kielelezo hakivunjwi, hakipasuliwi, hakitobolewi wala hakichokonolewi bila amri ya hakimu. Na hakimu haamuru kitu juu ya mali ya mirathi kabla hajasoma jalada."

Wazee waliotutangulia walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakutuambia daftari likifungiwa ndani ya mali itakuwaje.

Nje ya dirisha lile kulikuwa na benchi, na waliokaa pale wote walikuwa watu wa kabati, yaani ndugu wa marehemu wa miaka ile miwili. Walikuwa wamezoeana kama abiria wa safari moja. Aliyekaa mwanzo wa benchi alikuwa bibi mmoja mwenye mwavuli, hata siku ya jua.

"Humo mna mume wangu wa kwanza," akatuambia, akionyesha kwa mwavuli.

"Pole, bibi," nikasema.

"Sijapoa. Wa pili yuko ghorofani, wa karibuni, huyo nilimpata siku ileile niliyokuja. Hata alipokuwa hai alikuwa wa kuonekana upesi. Lakini huyu wa kwanza, tangu ujana wake, ukimtafuta amefungiwa mahali."

Mama Pindo akapiga goti, akaanza kumtengenezea bibi pindo la gauni. Bwana Utaratibu akatazama kupitia nondo, akasema kwamba kushona masjalani hakujakatazwa, kwa kadiri anavyojua. Kisha akamnong'oneza Mama Pindo kwamba njia iko moja. Wale wawili waliogombania kabati wakija pamoja, hakimu anaweza kuwasikiliza kwa mdomo.

Hapo Mama Pindo akakata uzi. Miaka yote ile hajapata kulitaja jina la kaka yake. Alirudi nyumbani akashona mpaka jioni nguo ambayo haikuwa na haraka, kisha akaniambia nimpigie, mimi namba yake ninayo, kwa kuwa wembe wake nilikuwa namnolea nikipita huko. Nikampigia, nikampa simu dada.

"Nani?" ikasema simu. Nilikuwa nasikia, simu yangu ina sauti ya kutangaza.

"Dada yako."

Nikasikia mkasi unawekwa chini kule.

"Ni kuhusu kabati?"

"Ndiyo."

"Silitaki tena. Lichukue."

"Nani kakuambia nakupa?"

Halafu nikasikia kinyozi anacheka kule, na Mama Pindo amegeuza uso dirishani ili nisimwone.

"Manispaa wanataka kuibomoa nyumba," akasema.

"Nyumba ya baba? Nyumba hatukugombana."

"Ndiyo hiyohiyo. Njoo."

Akaja na basi la asubuhi, na mkoba wa mashine zake za kunyolea, amenenepa, kichwa chake mwenyewe kina upara. Dada alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Umeacha nywele zako kwa wateja?" Yeye akasema, "Na wewe bado hujajifunza kusalimu." Hivyo ndivyo walivyopatana. Nilingoja machozi, hayakuja, wakaingia ndani kunywa chai.

Mbele ya hakimu tulisimama watatu. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye subira, na kila alichoulizwa alikiuliza tena mwenyewe kwa sauti ndogo kabla ya kujibu. Bwana Utaratibu alisimama pembeni akiwa amekumbatia nafasi ya faili, yaani mikono imekaa vile, lakini faili hakuna.

"Nyinyi ndio warithi?" hakimu akauliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nitajuaje?"

"Imeandikwa kwenye faili," akasema kinyozi.

Hakimu akamtazama Bwana Utaratibu, naye akatazama viatu vyake. Ndipo nikaitwa mimi, nikaapishwa, nikaulizwa kama nawafahamu. Nikasema nawafahamu tangu wakiwa wanalia kwa njaa, sasa wanalia kwa mengine. Nikaulizwa mwaka aliofariki baba yao. Nikasema themanini na nne, nikaona mkono wa Mama Pindo unashika ukingo wa meza, nikaibana midomo yangu isiongeze neno.

Hakimu akaandika. Kisha akaeleza vizuri, wala hakuwa mkali. Akiamuru kabati livunjwe bila kusoma jalada, kesho atatokea mrithi wa tatu kumuuliza kavunja mali ya nani. Akiwapa nyumba bila kusoma jalada, atakuwa anagawa gizani.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa, nyumba itabomolewa?" Mama Pindo akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemuuliza mteja anataka mfuko mmoja au miwili. Lakini kaka yake alimsogelea wakagusana mabega.

Kabla hakimu hajajibu, mvua ilianza, na mvua ile ndiyo iliyotusemea. Iliponyesha dakika chache, mhudumu wa mahakama aliingia akasema dari ya ujia imeachia, maji yanalidondokea kabati. Tukatoka wote kwenda kutazama, hakimu na joho lake, watu wa benchi nyuma yetu. Bibi alikuwa amekwisha fika, amelikinga kabati kwa mwavuli wake, mkono umenyooka juu. Mumewe hajapata kukingwa vile alipokuwa hai, bibi alituambia baadaye.

"Mbao ya baba haipendi maji," Mama Pindo akasema. "Mheshimiwa, nipeni nilitunze. Sisemi ni langu. Nitalitunza tu, kwangu hakuvuji."

Kinyozi akasema, "Mimi sina pingamizi," na Bwana Utaratibu akayaandika hayo kiganjani, maana hakuwa na karatasi.

Hakimu akarudi mezani, akatafakari, akatoa amri ambayo naijua kwa moyo. Kabati litunzwe nyumbani kwa mwombaji wa kwanza, likiwa limefungwa kama lilivyo. Na kwa kuwa majalada ya mahakama hayaruhusiwi kutoka masjalani, basi mahali popote litakapowekwa kabati pahesabiwe kuwa ni masjala.

"Mmeelewa?" akauliza.

Tukasema tumeelewa. Hatukuelewa.

Kulihamisha kulikuwa kazi ya watu wa benchi wote. Kila lilipoinamishwa, faili ziliporomoka ndani upande mmoja, na bibi akasema, "Taratibu jamani, marehemu wanakanyagana." Tulipofika mlangoni kwa Mama Pindo, kabati likakataa kupita. Tukalipinda hivi, tukalipinda vile.

"Mwaka ule lilipita," akasema kinyozi, jasho linamtiririka.

"Mwaka ule tulilisukuma kwa hasira," akasema dada yake.

Ikabidi tuibandue fremu tena. Likaingia, likawekwa palepale lilipokuwa zamani. Doa la mraba lilikuwa bado lipo sakafuni, kabati likalikalia sawasawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi sijui siku ile mgeni alikuwa nani na mwenyeji nani.

Asubuhi iliyofuata akaja Bwana Utaratibu na meza yake juu ya mkokoteni. Masjala haiwezi kukaa bila karani, akasema, na akauliza kwa adabu dawati aliweke wapi. Akawekwa kati ya kabati na cherehani. Akatundika kibao nje: MASJALA YA MIRATHI. Na chini yake, kwa herufi ndogo, MIAKA MIWILI TU. Watu wa benchi wakaja na benchi lao. Wateja wa nguo wakawa wanaingia kufupishiwa suruali, na Bwana Utaratibu anawauliza, "Mmekuja kwa marehemu gani?" Mtu anasema kaja kwa zipu. Anaandikwa kwenye kitabu cha wageni, zipu, anatia sahihi. Kinyozi, aliyesema atakaa mpaka mambo yatulie, akatundika kioo kibarazani akaanza kunyoa. Aliyekuja kutafuta mirathi ya babu yake alirudi kwao bila mirathi, lakini amenyolewa na pindo limekaa sawa, na wengi waliniambia hawajapata kuhudumiwa vizuri vile katika ofisi ya serikali.

Ule ukosi wa Bwana Utaratibu Mama Pindo aliushona siku ya kwanza, akiwa ameuvaa, anaandika. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Asante, mwenye... asante, mama." Alikuwa anataka kusema mwenye nyumba, akakumbuka kwamba hilo halijaamuliwa.

Kisha akaja bwana wa manispaa na kopo la rangi nyekundu. Alishapiga alama nyumba nne za upande wetu, rangi imemrukia hadi kwenye viatu. Mama Pindo alimwona kupitia dirisha, akasimamisha cherehani.

"Mwenye nyumba hii ni nani?" bwana wa manispaa akauliza mlangoni.

"Hajulikani," akajibu Bwana Utaratibu, maana hajui kusema uongo. "Suala hilo limo kwenye jalada."

Kinyozi alibaki na mashine juu ya kichwa cha mtu, inanguruma hewani.

"Basi kama hajulikani," akasema yule bwana, na akachovya brashi.

"Ila unapopaka ni masjala ya mahakama," akaendelea Bwana Utaratibu, hakupandisha sauti. "Una amri ya kupaka mahakama?"

"Hii nyumba ya fundi cherehani."

"Popote lilipo kabati ni masjala. Kabati ndilo hili. Soma."

Akampa nakala ya amri. Yule bwana akaisoma, akaisoma tena, rangi inadondoka kwenye kizingiti. "Sasa kabati likitolewa?"

"Haliwezi kutolewa bila jalada."

"Jalada liko wapi?"

Watu wa benchi wote wakamjibu kwa pamoja, kama darasa la watoto: "Kwenye kabati."

Bwana wa manispaa akaweka kopo chini. Alikuwa amechoka, akaomba maji, akapewa. Akakaa mwisho wa benchi akisema anafikiri. Bibi akamuuliza kwa upole kama kwao hakuna aliyefariki themanini na tatu au na nne. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Shangazi yangu." Bibi akamsogezea nafasi.

Nyumba nne zile zilibomolewa, na maegesho ya malori yakaanza pembeni yetu. Nyumba ya Fundi Randa ikabaki imesimama peke yake kama jino. Alama nyekundu ni ile tu iliyodondoka kizingitini, na Mama Pindo ameiwekea zulia.

Sasa kuna jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Majuzi aliingia fundi wa vitasa, yule mwenye kibanda karibu na kituo, ameleta suruali ipunguzwe kiuno. Akaandikwa kitabuni, kiuno. Alipokuwa anangoja akaliona kabati, akainama akachungulia kitasa, akapiga mluzi.

"Hiki kitasa cha zamani," akasema. "Mbona mnahangaika? Hiki nakifungua kwa waya, hakikwaruziki hata kidogo. Hujamaliza chai yako kimefunguka."

Kinyozi alizima mashine. Mama Pindo aliinua mguu kwenye kanyagio. Bwana Utaratibu, ambaye miaka yote ndiye aliyetakiwa kusema bila amri haiwezekani, alifungua kinywa akakifunga. Bibi alitazama ncha ya mwavuli wake. Bwana wa manispaa, ambaye ilikuwa zamu yake ya kukaa benchi, alitazama nje, malori yalipokuwa.

Mimi ni mzee, akili yangu huchelewa. Nilidhani hawakusikia. Basi nikawauliza mmoja mmoja, na mpaka leo nikipita pale naendelea kuwauliza, nao hunipa kigoda, hunipa chai, hunipa habari za mtaa, jibu hawanipi: jamani, afungue?